Siku Ile Hakukuwa na Mechi Miti

Kasha, 7 septemba 2025

Tonton Jean-de-Dieu,

Hii ni barua ya tatu nakuandikia, na sijui kama zile mbili za kwanza zilikufikia. Watu wanasema kule Bunyakiri réseau haiko tena tangu antena iharibike, njo maana simu yako haiiti. Hii ya leo nampa Maman Bintu, ule mwenye anauzishaka mafuta ya mawese. Ameniahidi ataiweka mu mukono yako mwenyewe.

Kama hujasikia, kaa chini kwanza. Papa alikufa. Ilikuwa Jumamosi, tarehe 24 ya mwezi wa tano. Wamama wenye walikuwa wanatoka ku soko walimukuta juu kidogo ya kijiji ya Miti, pale barabara inaanza kupanda kuelekea pori. Alikuwa amekaa, mugongo ku muti, kofia ku magoti. Walimusalimia, hakujibu. Wakamusalimia tena, ju walifikiri ni muzee amechoka tu. Walimubeba ku tipoy, ile machela ya miti, mupaka ku centre de santé, infirmier akafungua mufuko wake, akakuta carte ya kazi: Zagabe Alphonse, conseiller. Njo vile tulijua.

Siku moja kabla, Ijumaa, alituambia anaenda Miti kusimamia mechi ya vijana wa parokia, atalala kwa Padri, atarudi kesho. Mama alimukataza. Mimi pia nilimukataza. Unajua tension yake ya damu, na njia za sasa unazijua kunipita. Alicheka tu vile anachekaka, akatoka.

Tonton, Padri wa Miti alikuya ku matanga. Nikamushukuru ju alimupokea Papa usiku wake wa mwisho. Akaniangalia sana. "Ghislaine," akasema, "kwetu hakukuwa na mechi. Na baba yako hakulala kwangu."

Kulikuwa watu pembeni. Walisikia.

Levée de deuil, misa ya kumaliza kilio, itakuwa tarehe 8 novemba. Famille imenipa kazi ya kuandika maisha yake, page moja ya kusoma mbele ya watu. Kaka yangu Hugues iko Kinshasa, hawezi kufika, airport imefungwa. Niko na ile page tangu wiki tatu. Nimeandika alizaliwa Walungu mwaka wa 1964, alisoma, alioa Maman Colombe, alifundisha, kiisha akakuwa conseiller, mushauri wa wanafunzi, ku institut yetu ya Kasha miaka makumi mbili na moja. Pale nasimama. Mama hataki niandike kitu ya mulima, wala ya mipira. Anasema ile njo ilimuua, haiwezi kusifiwa mu kanisa. Lakini ukitoa mulima na mipira, Tonton, inabaki nani? Inabaki mutu wa biro, wa kukaa mu ofisi, na biro aliikimbiaka maisha yake yote.

Wewe ni rafiki yake, nakuitaka tonton kama baba mudogo, na ulimujua kabla yetu sisi wote. Niandikie vile alikuwa. Na kama unajua siku ile alikuwa anatoka wapi, niambie na ile.

Usijali mwandiko. Nimechoka.

Mutoto wako,
Ghislaine


Bunyakiri, 28 septemba 2025

Mutoto wangu Ghislaine,

Maman Bintu alinikuta shambani, jembe mkononi, akanipa barua yako. Barua zako mbili za kwanza sikuziona. Habari ya kifo nilikuwa nimeisikia mwezi wa sita kwa wapita njia, nikajiambia labda ni Zagabe mwingine. Akina Zagabe ni wengi. Sasa nimeisoma kwa mkono wako, sina tena pa kujificha.

Mke wangu Christine anakupa pole. Miguu yake haijapona, sasa hata kusimama ni kazi.

Unataka nikuambie vile alikuwa. Nilimkuta shule ya ualimu mwaka wa 1983. Mimi nilikuwa golikipa, yeye beki wa kushoto, na alikuwa beki mbaya. Alikuwa mwepesi wa mbio lakini akimwangusha mtu, anasimama kumwinua, na mpira unaendelea bila yeye. Kocha alimfokea mwaka mzima. Hakubadilika. Mwishowe wakampa filimbi, wakamwambia, "Wewe uwe refa, pale huruma yako haitatufungisha mabao."

Mwaka wa 1993, kabla ya vita, tulipanda mlima Kahuzi pamoja na mlinzi mmoja wa pori. Tulipita kwenye mianzi, tukapita matope yaliyotufika magotini, na tulipofika juu wingu lilikuwa limefunika kila kitu. Hatukuona hata mita kumi. Mimi nilikasirika. Nilikuwa nimetembea saa tano kuja kuona wingu. Baba yako alikaa juu ya jiwe, akatoa viazi vitamu vilivyopoa, akala polepole, akasema, "Hapa hata préfet wa shule hawezi kuniita." Alikuwa na furaha kama mtu aliyeona nchi nzima.

Ni pale alipata ile desturi yake. Mwanafunzi akiwa na shida, hakumweka kitini biro. Alimwambia, "Jumamosi uje na viatu vya kutembea, na uje na mwenzako." Wakapanda vilima pamoja. Aliniambia mtoto akikaa mbele ya meza anajibu kama mshtakiwa, lakini akitembea bega kwa bega na wewe, macho yakiwa njiani, maneno yanatoka yenyewe. Hakuwauliza kitu. Aliwaonyesha ndege, akawatajia majina yao kwa lugha ya Mashi, mpaka mtoto mwenyewe akachoka kunyamaza.

Nikupe na hii ya mwisho. Miaka mitatu iliyopita alisimamia fainali ya wasichana, shule yake na shule nyingine ya mjini. Refa aliyepangwa aliugua, timu zote mbili zikamkubali yeye. Dakika za mwisho akatoa penalti dhidi ya wasichana wake mwenyewe, akasema mmoja ameshika mpira kwa mkono. Wakafungwa. Wiki nzima wanafunzi hawakumsalimia. Siku ya Jumatatu iliyofuata msichana mmoja akabisha biro kwake, akasema, "Conseiller, ulikuwa mkono wangu. Mimi ndiye niliwaambia wenzangu haikuwa mkono." Baba yako alinisimulia akicheka huku machozi yanamtoka. Alisema penalti ile ndiyo kazi kubwa aliyowahi kuifanya katika shule.

Kuhusu siku ile ya Miti, sijui kitu. Alikuwa mtu wa kutembea. Labda alitaka tu kutembea.

Mungu awape nguvu.

Katekista Jean-de-Dieu


Kasha, 12 oktoba 2025

Tonton,

Asante. Barua yako nimeisoma mara ine. Nilimusomea Mama ile kipande ya viazi juu ya Kahuzi. Alikuwa anachagua maharagi. Hakuinua kichwa. Aliniuliza tu, "Amesema alikuwa wapi?" Nikamuambia hapana. Akasema, "Basi," akaendelea kuchagua.

Nitakuambia kitu yenye sikutaka kuandika. Wamama wa ku robinet, pale tunachotaka maji, wanasema Papa alikuwaka na musichana. Wanasema njo maana alisema uongo wa mechi, na njo maana alienda mara tatu tangu mwezi wa tatu, na zile mbili za kwanza alirudi na matope mupaka ku kiuno na hakutaka kueleza. Wanasema ni élève, mwanafunzi wake. Mara ya kwanza nilisikia, nilirudi nyumbani na bidon haina maji. Mama alishasikia kunipita. Ile ya mulima na mipira ni kisingizio tu, Tonton. Mama hataki niandike kitu yoyote, ju anaogopa mutu atacheka mu kanisa pale nasoma.

Wiki iliyopita Agathe alikuya. Ni golikipa wa ekipe ya wasichana, alimaliza mwaka huu. Alisimama ku mulango, hakutaka kukaa. "Dada Ghislaine," akasema, "batu banasema mubaya juu ya Conseiller, na ile yote ni bongo, ni uongo mutupu. Alikuwa anaenda kutafuta Mapendo."

Mapendo ni ule musichana wa mukono, wa ile penalti yako. Agathe anasema alikuwa wa kwanza mu sixième, mwaka wa mwisho wa sekondari, na wakati vita ilifika Kavumu alikimbia kwa miguu mupaka Bunyakiri kwa baba yake mukubwa, na hakurudi tena, na examen d'État, ule mutihani wa kumaliza shule, ikamupita. Conseiller aliapa atamurudisha. Aliwaomba wao wa ekipe wanyamaze, ju Maman Colombe akijua ni njia ya Bunyakiri, atafunga mulango na kufuli. Nikamuuliza Agathe kwa nini hakusema tangu mwezi wa tano. Akalia. Alisema walingoja mutu mukubwa aseme.

Sasa nami nikuambie yangu, ju imenikaa hapa ku kifua na sina mwingine wa kumuambia. Viatu vyake vya mulima, vile vya rangi ya matope vyenye alipendaka, mimi njo nilivificha. Ile Alhamisi, pale nilimuona anapanga mufuko wake. Nilivitia mu gunia ya mahindi nikafunga kamba. Niliona akiamka Ijumaa, akaangalia chini ya kitanda, akaangalia nyuma ya mulango. Hakuniuliza. Akavaa viatu vyake vyeusi vya biro, akaenda. Wamama wa Miti wanasema kisigino kimoja kilikuwa kimetoka. Infirmier anasema ni moyo. Lakini mimi nawaza: kama alikuwa na viatu vizuri, angetembea bila kuchoka vile, angefika. Kila mara napika bugali naona ile gunia.

Agathe aliniambia neno ya mwisho pale alikuwa anatoka. Alisema baba mukubwa wa Mapendo ni katekista.

Bunyakiri iko na makatekista wangapi, Tonton?

Ghislaine


Kasha, 26 oktoba 2025

Tonton,

Maman Bintu amerudi na mikono mitupu. Anasema alikupa barua, ukaifungua mbele yake, ukaisoma mupaka mwisho, ukaitia mu mufuko, ukamuambia "hakuna jibu."

Inabaki siku kumi na tatu. Jana Mama alisema tuache ile page kabisa, tufanye misa tu na chakula, watu waende kwao.

Sitakuomba tena. Nilikuwa nakuitaka tonton tangu nijue kusema.

Ghislaine


Bunyakiri, 4 novemba 2025

Ghislaine,

Makatekista ni watatu. Lakini Mapendo ni mtoto wa marehemu mdogo wangu, na yuko kwangu. Anayekuletea barua hii ni yeye.

Niliposoma maneno yako nilimwambia Maman Bintu hakuna jibu kwa sababu sikuwa na jibu la kunisaidia mimi. Nilikaa na barua yako wiki mbili. Jumapili mbili nimesimama mbele ya wakristo nikawasomea Injili, barua yako ikiwa mfukoni.

Nitaandika kama mambo yalivyokuwa.

Mapendo alifika kwangu mwezi wa pili, miguu imevimba. Tulimshukuru Mungu. Wakati ule Christine alikuwa ameacha kutembea. Mtoto akaanza kuteka maji, kupika, kumgeuza mgonjwa kitandani. Nilijiambia, njia ikitulia atarudi shuleni. Kisha nikaacha kujiambia. Nyumba ilikuwa imepata mikono, na mimi nimezeeka, Ghislaine, nimechoka na vita hii isiyokwisha. Mwezi wa nne akaja mtu wa Hombo, mfanyabiashara aliyefiwa na mke, si mtu mbaya. Akamtaka Mapendo. Akaleta mbuzi wawili. Nikakubali kwa mdomo, bila kumuuliza mtoto.

Baba yako alikuja mara tatu. Mara ya kwanza tulicheka, tukala, nikamwahidi nitamtuma mtoto baada ya Pasaka. Mara ya pili nilimwambia njia ni mbaya. Mara ya tatu ilikuwa Ijumaa ile, saa kumi, mvua. Alikuwa amevaa viatu vyeusi. Nikamtania: "Leo umekuja kama préfet?" Akajibu, "Ghislaine amenifichia viatu. Ameviweka katika gunia la mahindi, anafikiri sikuona kamba imefungwa upya. Nimeviacha pale. Nikivichukua atajua naenda mbali, hatalala."

Unasikia? Alijua viko wapi. Viatu hukumnyima. Aliviacha kwa ajili yako. Toa lile gunia katika kifua chako. Lililo zito ni langu, na ndilo hili linalofuata.

Alisema na Mapendo sebuleni, mlango wazi, mimi nimekaa pale, Christine amelala pale. Katika safari zote tatu hakukaa na mtoto huyu mahali ambapo mke wangu hakumwona. Alimuuliza neno moja: "Unataka nini?" Mtoto akaniangalia mimi kwanza. Kisha akasema, "Kumaliza."

Baba yako akanigeukia. "Jean-de-Dieu, ulinipa mtoto huyu darasa la kwanza la sekondari, ukaniambia nimuangalie. Umebaki mtihani mmoja. Nipe nimpeleke kesho. Atalala kwangu na Colombe."

Nikamwambia, "Wewe una mshahara, hata ukichelewa. Una mji. Una mke anayesimama. Mimi nina mgonjwa ndani na bunduki nje. Usije kunifundisha kulea."

"Sikufundishi. Nakuomba."

"Umeomba mara tatu. Usirudi tena kwangu."

Nilisema hivyo, Ghislaine. Kwa mtu tuliyefahamiana miaka arobaini na miwili. Christine alifunika uso. Mapendo akamtandikia baba yako mkeka, akalala pale pale.

Asubuhi aliamka mapema. Unajua desturi. Kila mara alipokuja nilimsindikiza mpaka darajani, hata kwa mvua, hata siku nilipokuwa na malaria. Nilikuwa macho. Nilimsikia akiaga Christine. Nilimsikia akisimama nje ya mlango, akikohoa kidogo, vile mtu anakohoa kumwambia mwenzake yuko tayari. Alingoja. Nikageukia ukutani. Akakohoa tena. Kisha nikasikia viatu vyake vikienda, kimoja kinapiga chini tofauti na kingine.

Baadaye dereva wa pikipiki aliniambia alimchukua mpaka upande wa pili wa pori, na pale akaogopa kuendelea, akamwacha ashuke kwa miguu.

Nilikuandikia sijui kitu. Niliona haya, nikajiambia uongo wangu ni mdogo, unafunika aibu yangu peke yangu. Sikujua kwenu umegeuka matope ya kumpaka yeye.

Mbuzi wa mtu wa Hombo nimewarudisha. Hakukasirika sana. Dada yake Christine amekubali kuja kukaa nasi. Angekubali hata mwezi wa pili kama ningemwomba.

Mimi siji. Sina uso wa kukaa katika matanga yake. Lakini barua hii isome mbele ya watu, tarehe nane, yote, na jina langu ulisome. Usiruke pale pa ukuta.

Jean-de-Dieu


Kasha, 23 novemba 2025

Tonton Jean-de-Dieu,

Mapendo alifika Ijumaa tarehe saba, saa tisa ya mchana, na Maman Bintu. Walikuwa wamelala njiani siku mbili. Mama njo alifungua mulango. Nilikuwa nyuma yake na sufuria. Mutoto alisema, "Maman, ni mimi Mapendo," na Mama akaangalia ile barua mu mukono yake, akaichukua, akaenda nayo mu chumba. Tulibaki sisi watatu tumesimama mu salon. Hakuna mwenye alijua kama akae ao asimame. Mwisho nikamupa Mapendo maji ya kunawa.

Mama alikaa mule mupaka jua ikashuka. Pale alitoka, macho ilikuwa imevimba. Aliniambia, "Utasoma yote." Kiisha akamuuliza Mapendo kama anakulaka sombe, ile mboga ya muhogo.

Nilisoma. Kanisa ilijaa, sikutegemea watu mingi vile. Wanafunzi wake wa zamani walitoka mupaka Bagira na Kadutu, wazee wazima na ndevu, wanajiita watoto wa Conseiller. Nilianza na ile page yangu, nikatia Kahuzi, nikatia viazi na penalti. Kiisha nikasema, "Sasa nitasoma barua ya rafiki yake." Pale nilifika ku ukuta, pale ulimusikia akikohoa, sauti ilinikatikia. Nilijaribu mara mbili. Agathe alipanda, akaichukua mu mikono yangu, yee njo alimaliza. Alisoma jina yako na nguvu, vile uliomba.

Hakuna mwenye alicheka. Wale wa robinet walikuwa banc ya ine upande wa kushoto, na mumoja wao alitoka kabla ya chakula. Mama alisimama bila mutu kumuita. Alimushika Mapendo ku bega, akamusimamisha. "Mulikuwa munasema musichana," akasema. "Musichana ni huyu." Akakaa. Ilikuwa ile tu.

Sitakudanganya, Tonton, sijakusamehe. Kuna siku nakuhurumia, na kuna siku nawaza ungesimama tu, ungevaa tu kandambili zako ukamusindikiza mupaka ku daraja, hata bila kumusemesha. Pengine angekufa tu, infirmier anasema moyo ulikuwa umechoka tangu zamani. Lakini angekufa akijua uko rafiki yake. Nawaza ile, kiisha nakumbuka mimi na Mama pia tulimusindikiza na makelele. Mutu wa kumuambia "enda muzuri" hakukuwa, ku nyumba yote mbili. Nakuandikia ile ju nataka ujue hauko peke yako mu ile ukuta. Kusamehe, nipe wakati. Mama amenipita, yeye anasema Christine akipata nafuu mukuye wote mubariki kaburi.

Viatu vyake nilimuwekea Hugues, nitavituma Kinshasa siku airport inafunguka. Miguu yake na ya Papa ni kipimo kimoja.

Préfet alimupokea Mapendo, hata kama masomo imeanza tangu septemba. Atarudilia sixième. Pale pa kuandika jina ya mwenye anamuangalia, Mama alichukua bic mu mikono yangu, akaandika yake.

Jana wasichana wa ekipe walipanga mechi ya kumukumbuka Papa, na shule moja ya Bagira. Miaka makumi tatu na sita Mama alikuwa bibi ya ule mwanaume, na hakuwahi kukanyaga ku terrain ya mupira. Alisemaka pale ni jua na vumbi na kupoteza sabuni. Jana alivaa kitenge, ile liputa ya levée de deuil, akakuya, akakaa ku kiti ya plastike karibu na laini. Aliniuliza maswali mupaka nikachoka. Kwa nini ule amesimama peke yake? Kwa nini wamepiga filimbi, nani amekosa? Papa alikuwa anasimama wapi? Nikamuonyesha. Aliangalia pale katikati ya terrain muda murefu, pale refa mwingine alikuwa anakimbia.

Tulipigwa tatu kwa moja. Mapendo alicheza tangu mwanzo, na watu wakapiga makofi, lakini myezi kenda hajagusa mupira. Nusu saa tu, aliinama, mikono ku magoti, hawezi tena. Watu walipiga kelele, "Jikaze! Jikaze kwa ajili ya Conseiller!" Mama alisimama ku kiti yake. Sijasikia Mama akipandisha sauti vile tangu matanga. "Mumuache! Hamuone mutoto amechoka?"

Wakamubadilisha. Alikuya kukaa chini karibu na kiti ya Mama, uso umefunikwa na jasho, akaanza kuomba radhi. Mama hakumusikiliza. Alikuwa anafungua chupa ya maji.

"Ile examen yenu inakuwaka mwezi gani?"

"Wa sita, Maman."

Mama alihesabu ku vidole, polepole, akimuangalia refa.

"Myezi saba," akasema. "Basi iko mingi. Kunywa kwanza."

Ghislaine